Daktari Tunaye

5 Machi

Kitinda,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nikisema "choo," unasema "vidonge." Nikisema "kizunguzungu," unasema "mawazo." Nikivuta pumzi nianze upya, unasema una wagonjwa wanakusubiri. Karatasi haikatizwi. Keti, isome mpaka mwisho, halafu unijibu kwa karatasi vilevile.

Leo nimetoka kliniki. Ni mara ya ngapi sijui, nimeacha kuhesabu. Nimemwambia yule daktari kijana kwamba choo changu ni cheusi kama lami, kinanata, na kina harufu ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Nimemwambia nikipanda ngazi za karakana yangu napumzika katikati kama ajuza, na mimi hata arobaini sijafika. Nimemwambia sisikii maumivu yoyote, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Hakuinua hata uso. Alifungua faili, na juu kabisa, imebanwa kwa pini, ipo barua yako, ile uliyomwandikia mwaka jana kwa kuwa ulimfundisha chuoni. Akaisoma tena pole pole, kama mtu anayesoma maandiko matakatifu. Kisha akafunga faili.

"Mama, kaka yako ameshaeleza," akasema. "Una vidonda vya tumbo vya zamani na una wasiwasi mwingi. Endelea na dawa."

Kaka yangu! Nimekubeba mgongoni, leo umekuwa kaka yangu.

"Vidonda vipi?" nikamuuliza. "Si mlinimezesha mpira wenye kamera, mkasema tumbo ni safi? Si mkaniingiza mwingine kwa nyuma, na aibu yote ile, mkasema utumbo mpana nao ni safi?"

"Ndiyo maana tunasema ni wasiwasi."

Nilitamani kumrushia kiti. Kitinda, damu yangu inapungua. Wameipima wenyewe na wameandika humo humo kwenye faili. Damu haikauki kwa wasiwasi, kuna mahali inatoka. Mimi kochi la mtu likilia, nalifungua. Nachana kitambaa, natoa sponji, natafuta springi iliyovunjika. Simwambii mwenyewe kwamba kochi lake lina mawazo tangu liachwe na mume.

Mama hataki hata kusikia habari ya hospitali nyingine. "Daktari tunaye," anasema, "tukazunguke kutafuta nini?" Nikamwambia wewe ni daktari wa masikio. Akasema daktari ni daktari.

Ninachotaka ni kimoja tu. Mwandikie yule kijana aitoe barua yako kwenye faili langu, anipime kama mtu aliyeingia kutoka barabarani. Vinginevyo hakuna atakayetafuta damu inakotoka, na mimi nitaisha hivi hivi, nikiwa nimefunikwa na mwandiko wako mzuri.

Dada yako,
Mkubwa


11 Machi

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako yote kama ulivyoagiza, ingawa kuna mahali pengi ningependa kukukatiza.

Usimgombeze yule kijana. Alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu hodari, na alichokwambia ndicho ambacho ningekwambia mimi. Unameza vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu. Niliyekuandikia ni mimi. Vidonge hivyo hugeuza choo kuwa cheusi, kwako na kwa kila mtu anayevimeza. Hata mwanafunzi wa uuguzi analijua hilo wiki ya kwanza. Unasema kilianza kabla ya vidonge. Tulishalizungumza, na nilikwambia kwamba umekumbuka vibaya. Mtu aliyechoka huchanganya tarehe.

Na umechoka, Dada. Tangu shemeji aondoke huli vizuri wala hulali. Mama anasikia cherehani yako inaunguruma kutwa nzima. Mwanamke anayefanya kazi hivyo na kula kwa kukumbushwa, damu yake itapungua tu. Mwili husema yale ambayo mdomo unayaficha.

Barua ile sikuiandika ili kukudhalilisha. Niliiandika ili usihangaike kujieleza upya kila mara mbele ya wageni. Nilitaka ukifika pale wajue una mtu.

Sasa unataka niiondoe. Nikiiondoa ninamwambia mwanafunzi wangu kwamba nilikosea, na sijakosea. Meza vidonge, kula maini na mboga za majani, punguza kazi. Baada ya miezi mitatu tutapima tena.

Na tafadhali, habari za choo usimwambie Mama mkiwa mezani. Amenipigia simu akilia.

Mdogo wako,
Daktari


14 Machi

Kitinda,

"Wajue una mtu." Mtu kweli ninaye, na ndiye anayenimaliza. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea, ila hawakujua kwamba mdudu mwenyewe anaweza kuwa na digrii.

Nisikilize kuhusu shemeji yako, maana naona umemgeuza kuwa ugonjwa. Siku aliyobeba sanduku lake nililala usingizi mnono ambao sikuwa nimeupata tangu harusi. Mliolia ni ninyi. Wewe ulilia kwenye simu na Mama akalia jikoni. Kama mnatafuta aliyeumia kwa mawazo, mpimeni Mama, nami nitamshikia mkono akichomwa sindano.

Kula, nakula. Kulala, nalala, tena siku hizi nasinzia hata mdomoni nikiwa na pini. Unaandika habari za maisha yangu kama jirani anayechungulia dirishani, na mara ya mwisho ulipolala nyumba hii hata sikumbuki. Kweli, nakumbuka vibaya. Umeshaniambia.

Basi ngoja. Nitakuonyesha mtu anayekumbuka vibaya.

Mkubwa


3 Aprili

Dada,

Leo hata salamu sina.

Mama amenipigia. Alikuwa anatafuta sindano, akafungua kopo lako la pini za stepla, akakuta vidonge. Vyote vya mwezi mzima, vimelala humo chini ya pini kama vitu vya wizi. Nilipokuuliza juzi kama unameza, ulinijibu, "Kila kitu kiko mahali pake." Kumbe mahali pake ni kopo la pini!

Unajua nilivyohangaika? Nimefungua vitabu ambavyo sikuvigusa tangu mtihani wa mwisho. Nimewauliza wenzangu kwa nini damu ya dada yangu haipandi na anapewa dawa inayotakiwa. Nimejieleza mbele yao kama mjinga, na wewe upo hapo unashona, umeficha jibu kwenye kopo. Damu itapandaje kama humezi?

Sikio la kufa halisikii dawa. Na masikio, Dada, mimi ndiyo kazi yangu.

Nimemwandikia yule kijana aongeze kwenye faili kwamba hufuati matibabu. Ndiyo, nimefanya hivyo, na usianze kupiga kelele. Daktari lazima ajue anashughulika na mgonjwa wa namna gani. Kwenye barua yako ya kwanza ulinitaka nikuache upimwe kama mtu wa barabarani. Mtu wa barabarani angalau humeza anachopewa.

Ukianguka usije ukanililia. Nasema hivi kwa sababu Baba alipofariki aliyebaki kuwa baba ni wewe, na naona unajimaliza mbele ya macho yangu kwa ubishi tu. Meza vidonge.

Daktari


19 Aprili

Kitinda,

Naandika nikiwa kitandani wodini. Mkono wa kuandika ninao, na hasira ninayo ya kutosha.

Nilianguka, kama ulivyotabiri. Ilikuwa Jumapili, siku chache baada ya barua yako. Mteja aliyekuja kuchukua kochi lake alinikuta sakafuni, stepla bado iko mkononi. Akanipakia nyuma ya gari lake la mizigo juu ya kochi hilo hilo, kitambaa kipya kabisa, na mimi nikawa namwomba radhi njia nzima nisije nikamchafulia. Ndivyo mlivyonilea ninyi watu. Naondoka duniani naomba radhi.

Sasa sikia. Ilikuwa Jumapili. Kliniki imefungwa, na faili langu limefungiwa humo ndani. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, niliingia hospitali bila wewe.

Aliyenipokea ni mpasuaji, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Hakuwa na cha kusoma, ikabidi anisikilize. Akaniuliza choo kina rangi gani. Nikasema cheusi. Akauliza kama nameza vidonge vya madini ya chuma.

"Nimeviacha tangu mwezi uliopita," nikamwambia.

"Kwa nini umeviacha?"

"Nione."

"Uone nini?"

"Nione kama ni vyenyewe. Waliniambia weusi unatoka kwenye vidonge. Nikavitoa vidonge. Weusi haukutoka."

Akaweka kalamu chini. Akavaa glavu, akaangalia mwenyewe, wala hakukunja pua. Aliposimama alikuwa amekasirika, nikadhani amenikasirikia mimi.

Hicho ndicho kipimo kilichokuwa kwenye kopo la pini. Ulikiita ubishi. Ningekwambia nimeacha vidonge nione, ungesema nini? Ungenikatiza. Kisha vidonge ulinipa kwa sababu damu inapungua, na choo cheusi ukasema ni vidonge, na damu ilipozidi kupungua ukasema sivimezi. Nimezunguka humo kwenye maneno yako mwaka mzima kama ng'ombe wa kinu, na muda wote ninavuja.

Wameniongezea damu, chupa ya kwanza, ya pili, sikuhesabu tena. Mpasuaji akakaa kwenye ukingo wa kitanda akanielekeza kwa kidole. Kamera ya juu ilipita tumbo ikaishia hapa. Kamera ya chini ilipita utumbo mpana ikaishia hapa. Katikati pana utumbo mwembamba, mrefu kuliko wodi hii, na hakuna aliyeutazama. Walichungulia mlango wa mbele, wakachungulia mlango wa nyuma, wakatangaza kwamba nyumba nzima ni safi.

Alisema kuna kipimo kimoja cha mionzi na kinafanyika mji wako. Sio mji wako tu, hospitali yako. Nilipelekwa na gari la wagonjwa. Nikachomwa dawa ya kwanza, nikawekwa kwenye benchi la korido ya chini nisubiri kuitwa. Ndipo ulipopita, Kitinda. Umeshika kikombe cha chai, unacheka na wenzako, viatu vinang'aa. Nilijifunika uso na gazeti la mtu wa pembeni. Nilikuwa naogopa, mikono baridi, nataka mtu yeyote anishike. Ndugu yangu wa damu anapita mbele yangu na mimi namjificha kama anayedaiwa. Nilijua ukiniona utaingia na mimi kwenye chumba kile, na utawaeleza mimi ni nani kabla hawajanipima.

Nimeambiwa tangu wakwambie nilipo unapiga simu wodini unagombeza watu. Nilirudishwa hapa siku hiyo hiyo, na majibu yametoka. Mpasuaji amesema atakuandikia yeye mwenyewe. Mimi kwako sina jingine.

Mkubwa


22 Aprili

Kwa daktari mwenzangu wa masikio,

Umepiga simu wodini kwangu wiki nzima. Umewaamuru wauguzi wangu wasimwandae mgonjwa kwa upasuaji. Umetaka ahamishiwe kwako. Jana umemwambia muuguzi wa zamu kwamba unamjua dada yako kuliko mimi. Hilo la mwisho limenikaa kichwani, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Naeleza mara moja. Dawa tuliyomchoma hufuata utando wa ndani wa mfuko wa chakula. Kwenye picha, mfuko wa chakula umewaka kama inavyotakiwa, na kibofu kimewaka kwa sababu dawa hutokea huko. Kwa dada yako pamewaka na mahali pa tatu. Ni doa dogo chini ya kitovu, upande wa kulia, mahali ambapo utando wa namna hiyo hauna kazi yoyote. Naamini ana kifuko kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, amezaliwa nacho, na ndani yake kimebeba utando wa mfuko wa chakula. Kifuko kinatoa asidi, asidi inauchoma utumbo wa jirani, na kidonda kinavuja. Hakiumi. Hiyo ndiyo bahati yake mbaya, maana angelia kwa maumivu mngemwamini siku ya kwanza.

Kuona kifuko hiki kikivuja kwa mtu mzima ni nadra. Katika kazi yangu yote nimekutana nacho mara chache mno. Kukikosa si dhambi, hata mimi ningeweza kukikosa.

Ila Jumatatu ile faili lake lilipoletwa kutoka kliniki, nilikuta barua yako imebanwa juu. Kila aliyefungua faili hilo alikusoma wewe kabla ya kumsoma mgonjwa. Umeandika unamfahamu tangu utoto. Umeandika ana wasiwasi, na juzi ukaongeza kwamba hafuati matibabu. Nimetafuta humo mahali ulipoandika kwamba umemlaza, ukamgusa tumbo, ukatazama ndani ya kope zake kama zimepauka kwa kukosa damu. Nimetafuta mara mbili. Nakuuliza kama daktari: je, uliwahi? Au ulimtibu kwa simu, kati ya mgonjwa mmoja wa masikio na mwingine?

Namfungua tumbo keshokutwa. Ukija utakaa kwenye benchi na ndugu wengine. Ukipiga simu tena kuwaamuru wauguzi wangu, nitakata simu mimi mwenyewe, na nitafurahia.

Mpasuaji,
Wodi ya wanawake


2 Mei

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Naambiwa unakaa kitandani bila kushikwa na umekunywa supu. Nimefarijika.

Nimepata majibu ya maabara, na naona ni haki yako kujua kilichotolewa. Ni kifuko kinacholingana na kidole gumba, kilichokuwa kimening'inia kwenye utumbo mwembamba karibu na mwisho wake. Pembeni ya mdomo wake palikuwa na kidonda kirefu, na humo ndimo damu ilimokuwa inatoka. Wamekata kipande hicho cha utumbo na kuunganisha. Hakuna saratani.

Asili yake inashangaza. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, mwanzoni kabisa, kuna kamrija kanakotoka kwenye utumbo hadi kwenye kitovu. Kanatakiwa kanyauke na kupotea miezi mingi kabla ya kuzaliwa. Kwa watu wachache hubaki kipande. Vitabu vinasema ni kama wawili kwa mia, na karibu wote huishi nacho hadi kufa bila kujua. Wanaovuja damu ni wachache miongoni mwa hao wachache, na wengi wao ni watoto wadogo. Kwa mtu wa umri wako ni jambo la kuandikwa kwenye majarida. Nasema haya ili uelewe kwamba daktari yeyote angelikosa. Hata mpasuaji wako amekiri.

Nilikuja siku ile. Ulikuwa bado na usingizi wa dawa, kwa hiyo najua hukuniona. Mapigo yalikuwa mazuri, mkojo wa kutosha, dawa za maumivu zimeandikwa sawasawa. Nilirudi na basi la mchana kwa kuwa kesho yake nilikuwa na wagonjwa tangu asubuhi.

Mama anauliza kila siku kama unaweza kula vyakula vigumu. Nimemwambia asubiri kidogo.

Yaliyopita si ndwele, Dada. Tushukuru.

Mdogo wako,
Daktari


9 Mei

Kitinda,

Yaliyopita si ndwele? Ndwele ilikuwa ndani yangu, wakaitoa, na wewe ukaenda kuilinganisha na kidole.

Nilikuona. Kope zilikuwa nzito lakini nilikuona tangu mlangoni. Ulisimama miguuni pa kitanda ukachukua faili. Ukalisoma lote, ukarudi nyuma ukasoma tena. Ukagonga chupa ya maji kwa ukucha. Ukainama ukatazama mfuko wa mkojo. Mkono wangu ulikuwa pale pembeni, nje ya shuka, kiganja juu. Niliuweka makusudi. Nilisema moyoni, akiushika, nitamsamehe yote na sitamwambia kamwe kwamba nilikuwa macho. Ukaandika kitu kwenye kijikaratasi chako, ukatoka.

Mfuko wa mkojo, Kitinda. Umekuja kwa basi safari yote ile kutazama mfuko wa mkojo.

Sikulaumu kwa kukikosa kifuko. Mpasuaji ameniambia yeyote angekosa, na yeye namwamini. Lakini kukosa ni kitu kimoja na kutosikia ni kitu kingine, usinichanganyie na hao wawili kwa mia wako. Uliniandikia habari ya sikio la kufa. Nami sikuwa bubu. Mwaka mzima nilisema damu, ukajibu mawazo. Sasa nikuulize, sikio la kufa lilikuwa la nani?

Nimelala wodini siku nyingi kabla ya kurudishwa nyumbani, na mtu akilala hukumbuka. Unakumbuka ulivyokuwa ukiumwa sikio? Hukuwa umeanza hata shule. Unalia, unapiga kichwa ukutani, na Baba anasema mtoto huyu anadeka. Walikutazama masikio wakasema hamna kitu. Mimi nilikuwa nachukua kipande cha blanketi, nakipasha kwenye pasi, nakushikilia sikioni mpaka unalala. Nikuambie jambo? Mimi pia nilichungulia. Niliwasha tochi nikachungulia ndani kabisa, na sikuona kitu chochote. Nilipasha kile kitambaa kwa sababu ulisema linauma. Hiyo tu. Ulisema linauma.

Goti la Mama limevimba. Alipoanza na wimbo wake wa mpigie Daktari, nikamwambia avae viatu, tukaenda kwa daktari wa hapa kwa miguu yetu. Usiniulize amepewa dawa gani. Madaktari tunao sasa, tena wengine wanasikiliza. Ninayemkosa nyumba hii ni kitindamimba wa mama yangu.

Mpasuaji amenikataza kubeba kitu chochote kizito. Nina kochi la kukaa watu watatu, limekwisha kushonwa, liko juu karakana, na ngazi unazijua. Njoo ulishushe. Usije na koti jeupe, na kope zangu usizitazame. Ukifungua mdomo kuniuliza habari ya choo, utarudi na basi ulilokuja nalo.

Mkubwa


14 Mei

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Nakuja Jumamosi. Nimewahamisha wagonjwa wa siku hiyo na wamenikasirikia, sawa tu.

Nimemwandikia yule kijana. Nimemwambia aitoe barua yangu kwenye faili na aichane. Nimemwambia niliiandika bila kukugusa. Mpasuaji aliniuliza swali na sikumjibu, basi nimelijibu huko. Nilichana karatasi nyingi kabla sijafika kwenye sentensi hiyo, na ni fupi.

Mama amepiga simu leo mchana kuniuliza tumbo lako linaendeleaje. Nikamwambia, "Sijui, Mama. Muulize mwenyewe." Akaniuliza kama na mimi ninaumwa.

Mkono wako niliuona. Nilijua nikiushika nitalia pale pale mbele ya wauguzi, na nilikuwa nimewagombeza wiki nzima. Nikatazama mkojo. Sina la kujitetea zaidi ya hapo.

Blanketi lilikuwa la kijani, limeungua pembeni, na lilinuka pasi. Nakumbuka na tochi pia. Dada, miaka yote hii nilidhani ulichungulia ukaona kitu.

Kochi lisiguswe na mtu mpaka nifike.

Kitinda